Chupa ya Maziwa Mlangoni

Jumapili ile jua la kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale lilikuwa kali hivi kwamba mbuzi wa Marcienne walikuwa wakipokezana kivuli kimoja, kila mmoja dakika tano, na beberu akisimamia foleni. Niliwaona kwa macho yangu haya. Ndani ya kibanda cha video cha Marcienne watu walikuwa wamebanana mabenchini hadi ukitaka kujikuna ilibidi uombe ruhusa, maana hujui mkono utakaoutoa ni wa nani. Mimi, Mzee Ladislas, Mutama kwa Warundi wenzangu, nilikuwa kwenye kiti changu cha plastiki kando ya televisheni, maikrofoni mkononi.

Kazi yangu hapo ni kutafsiri. Nilikuwa fundi cherehani, nikaacha siku uzi na tundu la sindano vilipokataa kuonana, na Marcienne akanipa maikrofoni. Watu wa filamu wanasema kwa lugha yao, mimi nawasemea kwa Kiswahili. Mzungu akitukana, namtukania. Mchina akiposa, namposea. Na kwa kuwa majina ya wenzetu hao yanavunja meno, nawabatiza ya hapa hapa ili mtazamaji asipotee. Desturi hiyo sikuianzisha mimi. Kila kibanda Uganda hii kina mtu wa namna hiyo. Ila kubatiza kama mimi, hakuna.

Jambo moja nilikuwa nimelificha kwa miaka kumi na mmoja: lugha zenyewe sizijui. Kiingereza nina cha kununulia vifungo, Kifaransa nina cha kuombea radhi. Zilizobaki natazama midomo na mikono, halafu nashona. Filamu ni kama suruali ya mitumba. Mwenyewe hayupo kukuambia alitaka ifike wapi.

Ile ya Jumapili ilitoka nchi ya theluji. Marcienne aliileta kutoka Mbarara kwenye flashi, na baada ya misa alisimama njiani akaitangaza kuliko padri alivyotangaza Injili. "Filamu ya upelelezi! Imepewa zawadi na mataifa saba! Huko kwao watu walitoka mu sinema wakasahau viatu!"

Mwoka mikate anakutwa amekufa, kichwa ndani ya unga wake mwenyewe. Anakuja mpelelezi mwenye koti refu na uso wa mtu aliyeng'ata limau. Nikambatiza Komisa. Kuna mjane wa marehemu ambaye halii. Kuna daktari anayenawa mikono kila saa. Na kuna mtu mrefu, mwembamba, mwenye kofia, ambaye kila alfajiri anaacha chupa za maziwa milangoni mwa watu. Huyo nilipomwona, ulimi ulinitoroka.

"Na huyu," nikasema kwenye maikrofoni, "ni Kayumba!"

Kibanda kililipuka kwa kicheko, kwa sababu Kayumba mwenyewe alikuwa benchi la mbele. Kayumba ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mfugaji, mrefu, mwembamba, na kofia yake inasemekana alizaliwa nayo. Ndiye anayetupelekea maziwa milangoni kwa baiskeli. Ni mlokole na mwimbaji wa kwaya. Filamu anasema huja tu kuchunguza kama zinawafaa Wakristo, na uchunguzi huo unaingia mwaka wa sita. Siku hiyo alicheka kuliko wote. Alisimama akavua kofia, akawapungia watu kama mheshimiwa.

Tukaenda hivyo mpaka mwisho. Na mwisho wenyewe ndio balaa. Komisa anafuata nyayo kwenye theluji hadi mlango mmoja. Anabisha. Mlango unafunguka, lakini aliyefungua hatumwoni, tunaona uso wa Komisa tu. Komisa anavua kofia. Anatabasamu. Anasema maneno mawili matatu. Chini, kwenye kizingiti, kuna chupa ya maziwa. Halafu giza, na majina ya watengenezaji yanaanza kupanda.

"Eeee! Imekatika!"

"Haikukatika, imeisha!"

"Imeisha vipi, na mtu hajakamatwa? Mutama Ladislas, Komisa amesema nini pale?"

"Amesema nini? Amesema nini?" Mabenchi yakapigwa. Marcienne alinikazia macho ya mwenye kibanda anayewaza paa lake.

Fundi akiishiwa kitambaa anatia kiraka. Nikaileta maikrofoni mdomoni. "Komisa amesema: Kayumba, maziwa yako nimeyaona."

"Weeee! Ni Kayumba! Nilijua!"

Watu wakatoka wameridhika, wakimpigapiga Kayumba mgongoni na kumwita muuaji, naye akicheka. Kosa liko hapo. Filamu ilibaki kibandani, lakini habari iliondoka peke yake, kwa miguu. Jumatatu ilikuwa imeangusha theluji njiani. Jumanne, sokoni, ikapoteza televisheni. Ilipofika Rugaaga ilikuwa imebaki mifupa mitupu: Kayumba muuza maziwa alimwua mwoka mikate kule Congo, na komisa ameshaona ushahidi, ni chupa.

Sasa, huko Rugaaga anaishi Mama Mukarukundo, shangazi yake Ngabo. Na Ngabo ndiye kijana aliyekuwa aje kumposa Ikirezi, binti pekee wa Kayumba. Siku ilikuwa imepangwa, ng'ombe amechaguliwa, Ikirezi ameshaanza kusuka nywele. Lakini katika ukoo ule hakuna neno linalotoka bila kupitia mdomo wa Mukarukundo. Wanasema aliwahi kuvunja uchumba mlangoni kwa sababu mbuzi aliyeletwa alikuwa na uso wa huzuni.

Jumatano asubuhi Kayumba alikuja kwangu na fimbo yake. Kofia hakuivaa. Nikajua jambo ni kubwa.

"Karibu, baba wa bibi harusi."

"Usiniite vile, Muzee Ladi." Alikataa kiti. "Shangazi ya Ngabo amepiga simu. Anasema basimamishe kwanza. Anasema hawezi kuleta kijana yake mu nyumba ya muntu mwenye kuua."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu, mpaka kicheko chenyewe kikaona aibu kikakaa.

"Ulimweleza kwamba ni filamu?"

"Nilimweleza. Akaniuliza, 'Sasa kama ni filme, njo sababu gani iko na jina yako?' Nimujibu nini?" Akaegemea fimbo. "Ikirezi hajakula tangu jana. Huyu mutoto nilimubeba mugongoni tukikimbia Kivu. Nimepita fasi mingi, inchi kwa inchi, Muzee, na hakuna fasi baliniita muuaji. Nimekuja kuitwa hapa, mu kibanda, na weye, na maikro yako."

Nikamsukumia kiti tena, akakirudisha kwa ncha ya fimbo.

"Nimeomba shangazi akuje Jumamosi, aone hiyo filme na macho yake," akasema. "Amekubali. Kwa hiyo Jumamosi utasema ukweli. Mule ndani, ni nani aliua?"

"Ukweli wa filamu," nikasema.

"Njo ule. Weye unajua ile luga."

Alhamisi nilimwambia Marcienne nakwenda hospitali ya macho ya Ruharo kupimwa. Uongo mtupu. Nilipanda lori la matoke, nikashuka Mbarara mjini, nikaenda moja kwa moja kwenye duka ambalo Marcienne hujazia flashi yake. Mwenye duka ni mwanamke anayeitwa Kampire, mcheshi, ana kompyuta mbili na feni inayopulizia kompyuta tu, wateja mjipepee wenyewe.

Nilipoitaja filamu ya theluji alishika kichwa. "Banange! Hiyo filamu, mzee! Mimi nimeona mara mbili, mwisho yake sijaelewa. Watu wanakuja hapa wanapigana juu yake. Huyu anasema mjane ndiye aliua. Huyu anasema dakitari. Huyu anasema ile mtu ya maziwa."

"Mtu wa maziwa hapana!"

"Eh, sebo! Kwani ni ndugu yako?"

"Karibu awe."

Alinitazama, akanihurumia. "Enda uone mjomba yangu, Afande Katsigazi. Alikuwa mpelelezi ya polisi, sasa amestaafu. Hiyo filamu ameona mara tano, tena ile iko na maandishi ya Kiingereza chini. Yeye ndiye anajua maneno yote."

"Anakaa wapi?"

"Leo iko Ruharo. Wamemfanya opereshoni ya jicho."

Mwaona Mungu alivyo na utani? Uongo wangu wa asubuhi aliugeuza kweli kabla ya saa sita.

Nikamkuta Afande kwenye benchi la uani, bandeji jicho la kushoto, amekaa na wagonjwa wenzake wanne, kila mmoja na bandeji yake. Watu watano, macho matano, na yote yalinigeukia kwa pamoja.

"Jambo, Afande."

"Jambo. Kaa. Wewe pia nagonjwa jicho?"

"Nagonjwa filamu, Afande."

Nilimweleza yote. Kibanda, Kayumba, Ikirezi, shangazi. Hata habari ya lugha nilimweleza, kwa kuwa mtu aliyekuwa mpelelezi ukimficha kitu anakiona hata kwa jicho moja. Alisikiliza akitikisa kichwa polepole, jinsi walivyomwagiza.

"Sasa nataka kujua, pale mlangoni Komisa anasema nini?"

Benchi zima lilisogea. Afande akasafisha koo. "Anasema: Samahani, nimekosea mlango."

"Halafu?"

"Halafu kwisha."

"Na nani yuko nyuma ya mlango?"

"Hakuna mtu najua. Hata ile mtu alitengeneza filamu, walimuuliza, akasema yeye pia hajui."

"Hajui? Si ndiye aliyemweka pale!"

"Wewe sikia, mzee." Alinishika goti. "Mimi nafanya upelelezi miaka thelathini na moja. Watu nafikiri sisi najua mwisho. Lakini mara mingi nafika kwa mlango, nabisha, naona mtu, tumbo naniambia huyu ndiye. Ushahidi hakuna. Sasa nafanya nini? Nasema samahani, narudi nyumbani kula. Mimi naona ile mwisho, nalia. Nalia sana. Jicho naharibika hivyo."

"Uongo," akasema mgonjwa wa pembeni. "Jicho yako naharibu pombe ya waragi."

"Nyamaza wewe!"

Nilirudi Nakivale na ukweli mfukoni, na njia nzima uliniwasha. Watu wetu mnawajua. Kila mmoja ana swali aliloliacha kwenye meza ya ofisi fulani, na kila akienda anaambiwa angoje. Leo nimwambie na filamu nayo angoje?

Jumamosi saa tisa alasiri Mama Mukarukundo aliingia kibandani na mwavuli. Mama mfupi, mpana, mkoba magotini kama faili la mahakama. Marcienne alikuwa amemtandikia benchi la mbele kitambaa cha meza. Kayumba alikaa ncha ya pili, amevaa koti la kwaya, kofia anaizungusha mikononi kama usukani. Ikirezi alisimama mlangoni. Aliambiwa akae, akakataa.

Nikatafsiri kwa adabu ambayo kibanda kile hakijawahi kuiona. Muuza maziwa sikumpa jina.

"Mwite kwa jina lake!" wakapiga kelele nyuma.

"Huyu ni muuza maziwa wa nchi ya theluji," nikasema. "Hana undugu na mtu yeyote wa hapa kwetu Base Camp."

Tukafika mlangoni. Komisa akabisha. Akavua kofia, akatabasamu, akasema maneno yake. Nikasema kama yalivyo: "Samahani, nimekosea mlango."

Giza. Majina yakapanda. Kibanda kikachemka.

"Nini? Kukosea mlango?"

"Jumapili hakusema hivyo!"

"Rudisha nyuma! Rudisha!"

Mama Mukarukundo aliinua mwavuli, na nawaambia, hata jenereta ilipunguza sauti.

"Mzee," akasema. "Mimi nimeuliza watu kabla ya kuingia hapa. Jumapili komisa aliona maziwa ya Kayumba. Leo amekosea mlango. Komisa ni yule yule, mlango ni ule ule. Sasa ni nani amebadilisha maneno?" Akageuza shingo, taratibu, mpaka kwa mwenye koti la kwaya. "Kayumba amekuahidi ndama?"

Kayumba aliacha kuzungusha kofia. Mlangoni Ikirezi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nimesema uongo mwingi maishani na kila mara umeniokoa; mara ya kwanza nasema kweli mbele ya watu, unaona inavyomzika mtu?

Nikatazama maikrofoni. Miaka kumi na mmoja. Hakuna kitu kingine hapa Nakivale kinachofanya watu wakisikia jina langu wakae kimya.

"Mama Mukarukundo," nikasema ndani yake, "komisa hajabadilika. Aliyebadilika ni mimi. Lugha ile siijui."

"Huijui vipi?"

"Kabisa. Ya Jumapili niliitunga, kwa kuwa walikuwa wananipigia mabenchi. Ya leo nimeifuata Ruharo kwa Afande mwenye jicho moja, na ndiyo ya kweli, na haielezi kitu, hata kwao huko haielezi. Na siyo hii tu. Ya Wachina sijui, ya Wahindi sijui, ya Waarabu sijui. Wewe unatafuta muuaji, mama? Ni mimi. Nimeua filamu zote zilizopita kwenye televisheni hii. Kayumba hana kosa isipokuwa urefu."

Nikaenda kuiweka maikrofoni magotini mwa Marcienne, nikarudi kukaa mikono mitupu. Nje tukasikia mbuzi wakibadilishana zamu.

Halafu kutoka nyuma kabisa ikaja sauti ya Astère, mtengeneza baiskeli, Mrundi mwenzangu. "Mutama, weye ulifikiri sisi hatujui?"

"Hamjui nini?"

"Yule Mchina wa mwaka jana, walipomkata mkono, ulisema amelia 'Yezu Mariya, nimekwisha!' Mchina wa parokia gani huyo?"

"Na yule Mzungu wa farasi," mwingine akadakia, "aliingia hotelini akaagiza ugali na ndagala!"

"Na malkia aliyekuwa anadai kadi yake ya chakula!"

"Hiyo nililia mimi!"

Marcienne alisimama, akanirudishia maikrofoni kama mtu anayemrudishia mtoto kiatu alichokitupa. "Miye nilijua tangu siku ya kwanza. Ningetaka mwenye kujua luga, ningemtafuta. Chukua hii, usinichezee."

Nikageuka kumtazama Mama Mukarukundo. Alikuwa ameinamia mkoba, mabega yanatetemeka, nikasema sasa tumekwisha, amekasirika mpaka analia. Alipoinua uso machozi yalikuwepo kweli, lakini meno yote yalikuwa nje. Mwavuli ulianguka akashindwa kuuokota.

"Kadi ya chakula!" akasema. "Malkia!" Alijifuta kwa kitambaa cha meza cha Marcienne. Alipopata pumzi akamgeukia Kayumba. "Kwa hiyo wewe hujaua mtu?"

Kayumba akasimama, kofia kifuani. "Mama, miye hata kuku ninaachia bibi yangu achinje. Miye ninaangalia upande ingine."

"Nimesikia." Akaokota mwavuli. "Jumamosi ijayo tunakuja na Ngabo, kama tulivyosema. Lakini huyu mzee asiguse maikrofoni siku hiyo. Msemaji wetu tunaye, na msemaji wenu mtafuteni mwingine. Nisije nikasikia nimeposa ng'ombe."

Ikirezi hakungoja sherehe. Alikuja mbele mbio, akampigia magoti shangazi, na alipoinuka akaenda kwa Astère akachukua nusu ya chapati aliyokuwa anakula, akaimaliza pale pale amesimama. Alikuwa na njaa ya siku nne.

Watu walianza kutoka. Mama Mukarukundo alifika kizingitini, akasita, akarudi hatua mbili.

"Lakini, mzee. Kweli kweli. Mlangoni pale alikuwa nani?"

Kibanda kizima kikasimama. Hata waliokuwa nje walirudisha vichwa ndani. Jibu nilikuwa nalo tayari kwenye ulimi, zuri, limepigwa pasi, lina vifungo vyote. Nikalitazama. Nikalimeza.

"Sijui, mama."

"Ah!" akasema kwa hasira, akafungua mwavuli. Nimeambiwa kwamba njia yote hadi Rugaaga alibishana na dereva wa boda. Yeye anashikilia ni mjane. Dereva hajaiona hiyo filamu, lakini anashikilia ni daktari.

Harusi ilikuwa nzuri, na siongezi kitu nikisema ng'ombe aliyeletwa alikuwa anatabasamu.

Tangu hapo, alfajiri, kabla jogoo wa Marcienne hajamaliza ubishi wake, mlango wangu unabishwa. Nikifungua namkuta Kayumba. Maziwa kwa wengine anayapima kwenye dumu lake, lakini kwangu ametafuta chupa, ya kioo, ya soda, ameiosha ikang'aa, na ameiweka chini kwenye kizingiti. Anavua kofia. Anatabasamu.

"Samahani, Muzee Ladi," anasema. "Nimekosea mulango."

"Hakuna tabu," nasema mimi, na chupa naichukua haraka, asije akapata ule mlango wa kweli akaipeleka huko.